Kinga ya Mbao Zikaazo Nje: Tuipake Nini Baraza Yetu?

Miongoni mwa mambo tunayoyapuuza majumbani mwetu, ilhali yatugharimu mali nyingi, ni kuzilinda mbao zikaazo nje. Mtu hukusanya fedha kwa jasho lake, akanunua mbao njema, akamwita fundi akamjengea baraza, na siku ya kumaliza akafurahi. Kisha huiacha baraza ile mikononi mwa jua na mvua, kana kwamba mbao ni mawe. Baada ya masika mawili au matatu huitazama akaikuta imepinda, imepasuka na imeanza kuoza, naye husema, "Fundi amenipunja." Lakini mara nyingi fundi hana kosa. Kosa ni la mwenye nyumba ambaye hakujua kwamba ubao, hata ukiisha kukatwa na kupigwa randa, bado wanywa maji na kuyatoa, na kwamba hauna budi kupewa kinga.

Maneno haya hatuyasemi kwa kujiona kuwa tu wajuzi. Tumeyajua kwa kukosea, na kosa lenyewe tulilifanya katika mali ya watu tuliyopewa kwa amana. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze kosa letu waziwazi, ili asije mwingine akalirudia.

Chuo chetu hapa Ngarambe, kusini ya mto Rufiji, kina baraza ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, mfano wa dungu. Wazee wetu wa Rufiji walilijua dungu kabla ya sisi kuzaliwa. Walilijenga mashambani bondeni, wakalala humo kuulinda mpunga na mahindi yao na ndege, ngedere na nguruwe, na mto ulipofurika wao walikuwa juu, maji yakipita chini. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda nchi ya juu, lakini hekima ya kuinua sakafu haikuhama moyoni mwa Mrufiji. Na walioyaona mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti wanajua kwamba hekima ile bado ina kazi.

Basi wazazi wa wanafunzi wetu walichanga. Mwenye fedha alitoa fedha, mwenye korosho alitoa korosho, na asiye na kitu alitoa nguvu za mikono yake. Nguzo tulipata za mkongo, mti mgumu sana. Mbao za sakafu zilikuwa za msonobari zilizoletwa kutoka nyanda za juu, kwa kuwa mninga bei yake ilitushinda. Baraza ikasimama, watoto wakakaa juu yake na juzuu zao, nasi tukamshukuru Mwenyezi Mungu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa vanishi. Tuliona katika nyumba za wenye uwezo jinsi vanishi inavyong'aa juu ya meza na makabati, tukasema nayo baraza yetu ing'ae. Ilikuwa hivyo kwa miezi michache. Ilipokuja masika ile ngozi ya vanishi ilianza kupasuka pale watoto walipopita, maji yakaingia chini yake yasipate njia ya kutoka, na mbao zikawa nyeusi kwa ukungu. Mwaka haujatimia, baraza ilikuwa ikibambuka kama ngozi ya nyoka.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Jamaa mmoja alitushauri tuipake oili chafu, yaani ile imwagwayo katika injini za magari na pikipiki inapobadilishwa. Alisema ni bure, mchwa huichukia, na maji hayaipiti. Tukamsikiliza bila ya kumwuliza mwenye kujua. Tuliipaka siku ya Alkhamisi, na Jumamosi watoto wakakaa.

Jumapili asubuhi mama mmoja alikuja amemshika mwanawe mkono. Alisema, "Shikamoo, maalim."

Tukamjibu, "Marahaba, mama. Kheri?"

"Kheri, maalim. Naomba uitazame kanzu hii, kisha uyatazame mapaja ya mtoto. Mwanangu nilimleta kwako ajifunze kusoma. Sikumleta ajifunze ufundi wa magari."

Tukatazama. Kanzu ilikuwa na madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni, na ngozi ya mtoto ilikuwa imetoka vipele vyekundu. Hatukuwa na la kujibu ila kuomba radhi. Haikupita mwezi, ubao mmoja ulikatika na mguu wa kijana wetu wa miaka tisa ukazama hadi gotini. Alipona kwa mchubuko tu, alhamdulillahi. Tulipoung'oa ubao ule tuliukuta umeoza ndani, na weusi wa oili ulikuwa umetuficha tusiuone uozo. Hapo ndipo tulipoacha kusikiliza kila asemaye, tukaenda kwa mafundi wa majahazi na wauza rangi wenye ujuzi, tukauliza na kujaribu. Hayo tuliyoyapata ndiyo tuwaleteayo.

ADUI WANNE WA UBAO

Asiyemjua adui yake hawezi kuchagua ngao. Ubao ukaao nje una adui wanne.

Wa kwanza ni jua. Mwanga wake mkali huiharibu ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, nao ubao hugeuka rangi ukawa wa kijivu, na uso wake ukawa na manyoyamanyoya. Kijivu hicho peke yake hakiuvunji ubao, lakini ni alama kwamba uso umedhoofika na rangi yo yote itakayopakwa juu yake haitashika.

Wa pili ni maji. Ubao unaponyeshewa huvimba, na unapokauka husinyaa. Ukivimba na kusinyaa siku nenda siku rudi hupasuka, misumari ikalegea, na nyufa zikawa visima vidogo vya kuwekea maji mengine. Mahali panywapo maji kuliko pote ni ncha za ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno, kwa kuwa mishipa ya mti imefunguka hapo kama mirija.

Wa tatu ni kuvu, naye ndiye aozeshaye. Kuvu hana nguvu juu ya ubao mkavu. Wataalamu wamepima wakaona kwamba ubao ambao maji yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wa mti mkavu hauozi. Kwa hiyo siri ya kuzuia uozo si sumu kwanza. Siri ni ukavu.

Wa nne ni mchwa, ambao sisi wa Rufiji hatuhitaji kuwaeleza mtu. Mchwa wa ardhini hupanda kutoka udongoni. Nguzo iliyochimbiwa ardhini ni ngazi yao. Nguzo iliyosimamishwa juu ya jiwe au zege iliyoinuka huwalazimisha kujenga njia ya udongo nje, nawe ukaiona na kuivunja.

KINGA ZA WAZEE WETU WA PWANI

Watu wa pwani walilijibu swali hili karne nyingi kabla ya maduka ya rangi. Jahazi ni mbao zikaazo ndani ya maji ya chumvi na chini ya jua kali pamoja, na hakuna baraza ipatayo taabu kama hiyo. Mafundi walitia pamba yenye mafuta katika viungo vya mbao, kazi iitwayo kalafati. Sehemu iliyo juu ya maji waliipaka sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ambayo hupenya ndani ya ubao na kuuzuia usinywe maji. Sehemu iliyo chini ya maji waliipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili wadudu wa baharini watobozao mbao wasipate mlango. Na kazi hiyo hawakuifanya mara moja tu. Chombo kilipandishwa pwani kikasafishwa na kupakwa tena na tena.

Katika khabari hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza, sehemu mbalimbali zahitaji kinga mbalimbali. La pili, kinga ya mbao hufanywa upya.

Je, sifa yafaa baraza ya nyumbani? Kwa kuzuia maji yafaa, lakini harufu yake humfikia mgeni kabla hajaiona baraza yenyewe, nasi hatumshauri mtu awafukuze wageni wake. Mafuta ya maganda ya korosho nayo yanajulikana kwa kuwazuia wadudu, na korosho tunazo. Lakini ni makali, huunguza ngozi ya mtu mpaka ikatoka malengelenge. Yaweza kufaa mguu wa nguzo usioguswa. Hayafai hata kidogo mahali wakaapo watoto.

MAFUTA NA RANGI ZA MADUKANI

Ama vitu viuzwavyo madukani, majina ni mengi na makopo yanapendeza, lakini asili yake ni aina mbili tu.

Aina ya kwanza ni ile ifanyayo ngozi juu ya ubao, nayo ni vanishi na rangi za mafuta. Hizi zafaa milango, madirisha, na kuta za mbao, yaani mahali pasipokanyagwa wala kutuamisha maji. Katika sakafu ya nje ngozi hiyo hukwaruzwa na miguu na mchanga, maji huingia chini yake, nayo hubambuka. Na ikiisha kubambuka, hapana dawa ila kuikwangua yote kwa msasa na kuanza upya. Vanishi isiyo na rangi ina dosari nyingine tena: huliacha jua lipenye hadi kwenye ubao, nao ubao ukafa chini ya ngozi yake.

Aina ya pili ni ile ipenyayo, nayo ni mafuta yanayoingia ndani ya ubao bila ya kuacha ngozi juu. Kama mafuta hayo hayana rangi, huzuia maji lakini hayazuii jua, na aghalabu huhitaji kupakwa tena kila mwaka. Kama yametiwa rangi kidogo ya udongo, kahawia au nyekundu, chembe za rangi ile hulikinga jua mfano wa mwavuli, na mishipa ya mti bado yaonekana. Haya ndiyo tunayoyaona kuwa bora kwa sakafu ya baraza. Yanapochakaa hayabambuki, hufifia tu, nawe wasafisha na kupaka tena juu yake. Hudumu kama miaka miwili au mitatu, na penye jua kali huwa pungufu ya hapo. Anunuaye na atazame kopo limeandikwa kuwa ni la mbao za nje, na kwamba linazuia ukungu.

Wengi huuliza khabari ya mafuta ya kitani, yaitwayo madukani linsidi. Ni mafuta mema na ya kale, na huupendezesha ubao. Lakini yakitumiwa mabichi peke yake katika nchi ya joto na unyevu kama yetu, hukawia kukauka, na ukungu huyafanya kuwa chakula. Ni afadhali yale yaliyotengenezwa kwa kazi ya nje, yaliyotiwa dawa ya ukungu na rangi.

VITU VYA KUEPUKWA

Oili chafu tumekwisha eleza ilivyotutenda. Na aibu ya kanzu si kitu mbele ya madhara yenyewe. Oili iliyopita ndani ya injini hubeba chembe za madini na masizi, na wataalamu wa afya wameyahesabu mafuta ya mashine yasiyosafishwa vyema kuwa miongoni mwa vitu visababishavyo saratani ya ngozi. Ikipakwa barazani haikai hapo. Mvua huiosha ikashuka udongoni na kufuata njia ya maji mpaka kisimani. Kitu cha bure ambacho hulipwa kwa ngozi za watoto si cha bure.

La pili ni mabaki ya nguzo za umeme. Nguzo nyingi zenye rangi ya kijani zimeshindiliwa dawa ya shaba, kromi na arseniki, na nyeusi hutiwa lami ya makaa. Kwa kusimama barabarani ni kinga madhubuti, lakini si mbao za kukalia. Huko Marekani watengenezaji waliacha kutumia ile dawa ya arseniki katika mbao za majumbani tangu mwisho wa mwaka 2003, kwa kuwahofia watoto wachezao juu yake. Na vipande vya nguzo hizo visichomwe jikoni kabisa, kwa maana moshi na majivu yake ni sumu.

La tatu ni rangi yenye risasi. Risasi humdhuru mtoto akili yake, na madhara yake hayaondoki. Muulize muuzaji, na kopo lisiloandikwa kitu juu ya jambo hili liache dukani. Na rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu mbele ya watoto, kwa sababu vumbi lake ndilo hatari.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI

Mafuta mema yakipakwa vibaya huharibika kama yale mabaya. Kwa hiyo yafuatwe haya.

Kwanza, chagua majira. Usipake katika masika wala vuli. Kwetu wakati mwema ni baada ya masika kwisha na ubao kupata majuma kadhaa ya ukavu, yaani kuanzia Julai hadi Septemba. Na usipake jua la mchana likiwa limeuchoma ubao, kwa sababu mafuta hukauka juu kabla ya kupenya. Asubuhi umande ukiisha kukauka ni wakati mwema.

Pili, kagua. Chukua msumari uchome ubao sehemu zenye weusi, hasa penye ncha na viungo. Ukizama kwa urahisi, ubao umeoza, na hapana mafuta yafufuayo ubao uliokufa. Ung'oe, utie mwingine. Hili lingalitunusuru na ule mguu wa kijana wetu.

Tatu, safisha. Sugua kwa brashi, maji na sabuni, ondoa ukungu, kisha uache ukauke siku mbili tatu. Penye kijivu na manyoya pitisha msasa.

Nne, jaribu kwa matone ya maji. Nyunyiza matone machache juu ya ubao. Yakinywewa upesi, ubao uko tayari. Yakikaa juu kama matone juu ya jani la myugwa, bado una kinga ya zamani au hauko tayari kupokea mafuta. Jaribio hilo hilo litakuambia kila mwaka kama wakati wa kupaka tena umefika.

Tano, paka kidogo kidogo. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Yasiyonywewa katika robo saa yafute kwa kitambaa. Ncha za mbao zipake mara mbili au tatu, na kama waweza, upande wa chini nao usiusahau.

Sita, na hili ni la kuokoa nyumba: vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani, au mafuta mengine yakaukayo, visifinyangwe na kutupwa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vikiwa fungu moja joto hilo hukusanyika mpaka vikawaka moto bila ya mtu kuviwasha. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vizamishe katika ndoo ya maji.

Na juu ya hayo yote, mjenzi aache nafasi ya nusu sentimeta hivi baina ya ubao na ubao ili maji yapite, na mwenye nyumba azifagie nafasi hizo zisizibwe na majani. Fagio la kila siku ni kinga kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

KINGA HUPIMWA

Wasomaji wetu wa sehemu hizi hawahitaji kukumbushwa kwamba hapa Ngarambe ndipo alipokaa Kinjikitile Ngwale, na kwamba mwaka 1905 maji yake yalienea nchi nyingi, watu wakiamini kwamba yatawakinga na risasi za Wadachi. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Ushujaa wa wazee wale twauheshimu, na hatuwezi kuulinganisha msiba wao na mambo ya baraza. Lakini sisi tulio wenyeji wa mahali hapa tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuipokea kinga kwa sababu tu fulani ameisifu. Kinga hupimwa kwanza, kisha hutegemewa. Atakaye kupaka baraza yake na apake ubao mmoja tu, auweke juani na mvuani msimu mmoja, autazame, ndipo anunue makopo.

Nasi tulifanya hivyo. Tuliwaita wazazi, tukawaeleza mali yao ilivyopotea na kwamba kosa lilikuwa letu. Hatukumtaja yule jamaa aliyetushauri, kwa maana tulioamua ni sisi. Mbao zilizoloa oili tuliziondoa zote. Hatukuzichoma, wala hatukumpa mtu azitumie jikoni. Tulinunua mbao chache chache kwa muda wa mwaka mzima, wanafunzi wakisoma chini ya mwembe, na safari hii tukapaka mafuta yapenyayo yenye rangi ya kahawia, baada ya kuyajaribu juu ya ubao mmoja masika nzima.

Baraza hiyo sasa imepita masika mbili. Haing'ai. Mgeni akija haisifu wala haiulizi. Lakini maji yakiinyeshea hukusanyika matone matone na kuteremka, na watoto huinuka na kanzu zao zikiwa nyeupe kama walivyokuja nazo. Yule mama alipopita siku moja alipitisha kiganja chake juu ya ubao, akakitazama, akakiona safi. Hakusema neno. Kesho yake alimleta na mdogo wake yule mtoto, aandikishwe chuoni.